"Iko Safi, Haina Shida": Uhakiki wa Tangazo Langu la Kuuza Gramafoni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi changu nimekitembeza wiki tano nzima, na katika kukitembeza huko nimejifunza jambo la uandishi ambalo sikulipata kwenye daftari langu la Kiswahili la kidato cha nne. Ndiyo maana leo naomba nafasi katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida huhakiki riwaya na diwani za watu, nihakiki tangazo la biashara. Tena si la mtu mwingine, ni langu mwenyewe: mistari michache ya wino mzito kwenye karatasi, iliyobandikwa kwenye mbao za kibanda cha fundi redio, Magomeni.

Najua mpo mtakaoguna. "Ah, tangazo nalo limekuwa fasihi?" Nitalijibu swali hilo mbele. Kwanza tuyafahamu mazingira yaliyoizaa kazi yenyewe, kama tulivyofundishwa.

Marehemu baba aliacha gramafoni. Ni mashine ya Kiingereza ya miaka ya 1960, ya kasi nne: 16, 33, 45 na 78. Santuri ndugu walizigawana baada ya arobaini, kila mtu akabeba bendi aipendayo, ikabaki mashine peke yake juu ya kabati kama mwalimu asiye na wanafunzi. Mimi nina mswada wa riwaya, na mchapishaji niliyemwendea alitaka nakala iliyopigwa chapa, si madaftari. Fedha sina. Nikamwomba mama ruhusa niiuze gramafoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Uza, mwanangu. Mradi asije mtu kunigongea mlango anadai hela yake."

Tangazo la kwanza

Nililiandika kwa dakika tano, nikajiona nimepatia:

INAUZWA! Gramafoni ya Kizungu ORIJINO. Iko safi sana, haina shida hata moja. Imetumika kidogo. Sauti ya nguvu. Bei Sh. 180,000, maelewano yapo. Muulize fundi hapa hapa.

Sasa tulihakiki. Kwa upande wa maudhui, tangazo hili lina uongo mmoja mkubwa na kweli moja, nayo ni neno "inauzwa". "Imetumika kidogo" ni uongo mtupu. Baba aliipiga kila Jumapili kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku za sikukuu haikuzimwa mpaka majirani waliposhiba. "Haina shida" ilinitoka tu kalamuni, kama mtu anavyojibu "nzuri" kabla hajasikia ameulizwa habari ya nini.

Lakini nataka tukae zaidi kwenye fani, maana huko ndiko sisi vijana tunakougua. Fanya jaribio hili, ndugu msomaji. Ondoa neno "gramafoni" uweke "friji". Weka "cherehani". Weka "baiskeli", ukibadili "sauti" iwe "breki". Tangazo linasimama vilevile! Maana yake nini? Maana yake mwandishi hakuiona gramafoni. Aliona kitu cha kuuza, akachukua maneno yaliyokwisha kutumiwa na wauzaji wote wa mji huu, akayamwaga. "Safi", "nguvu" na "orijino" ni maneno ya mitumba: yamevaliwa na watu wengi mpaka hayana tena umbo la mtu yeyote.

Nilipomaliza jaribio hilo nikaanza kucheka. Kisha nikafungua mswada wangu, sura ya tatu, kicheko kikaisha. Humo nina mzee ambaye ndiye nguzo ya riwaya, naye nilimtambulisha hivi: "Alikuwa mzee mwema, mwenye busara nyingi, aliyeheshimiwa na wote." Jamani! Ondoa mzee huyo, weka mzee wa riwaya ya jirani yangu. Anakaa barabara. Iko safi, haina shida. Yule mchapishaji aliponirudishia madaftari aliandika pembeni kwamba watu wangu hawashikiki. Nilikasirika mwezi mzima, nikasema hanipendi. Kumbe alikuwa amesoma tangazo.

Mzee na santuri yake

Mnunuzi wa kwanza alikuja Jumamosi. Mzee wa miaka sabini na kitu, shati limepigwa pasi, chini ya kwapa kashika santuri moja kubwa ya 33 ndani ya jalada lililoshonwa kwa gundi ya karatasi. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kwa upole kama anaweza kusikiliza. Fundi akaunganisha mashine na spika zake.

Mzee hakuweka santuri. Aliinama, akautazama mkono wa mashine, akapitisha kidole karibu na sindano bila kuigusa.

"Sindano hii ilibadilishwa lini, mwanangu?"

"Nzima, mzee. Haina shida."

"Sikukuuliza kama ina shida. Nimekuuliza ilibadilishwa lini."

Sikuwa na jibu. Akairudisha santuri yake kwapani, akasema, "Nashukuru," akaondoka. Hakugomba wala hakunitukana.

Fundi ndiye aliyenieleza nilichokuwa karibu kukifanya. Alitoa kile kioo cha kukuzia cha mafundi saa, akaniambia, "Chungulia, dogo." Ncha ya sindano ilikuwa imelika pande mbili, imekuwa kama patasi ndogo. Santuri ina mifereji membamba, na muziki ni mawimbi yaliyochorwa kwenye kuta za mifereji hiyo. Sindano nzima hupita humo ikiyafuata mawimbi. Iliyolika huyakwangua. Unasikia wimbo, ndiyo, lakini kila ukiusikia unaufuta kidogo, na haurudi tena.

Sasa fikiria santuri ya yule mzee. Bendi zetu nyingi zilirekodi nyimbo katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyingi zilichapwa Nairobi. Santuri ya namna hiyo ikiharibika huendi dukani ukanunua nyingine. Kwa neno langu moja, "haina shida", ningemkatia mzee yule ujana wake kwa patasi, naye angenilipa Sh. 180,000 kwa kazi hiyo.

Nimeandika hadithi nyingi zenye ujumbe kwamba uongo ni mbaya. Sikuwahi kuujua uongo kwa ukaribu ule, ukiwa na ncha na ukiwa tayari kushushwa.

Tangazo la pili

Aibu ilinipeleka upande mwingine. Nilichana karatasi ya kwanza, usiku ule nikaandika ya pili. Siinakili yote hapa, itoshe kusema ilianza na "Marehemu baba yangu mpendwa" na ikaishia na "machozi". Katikati mlikuwa na Jumapili, harufu ya pilau, mama akicheza sebuleni, na "enzi ambazo hazitarudi". Bei ilikuwa ile ile. Nakiri nilijipenda sana nilipomaliza.

Fundi aliisoma akiwa na pini ya kulehemu mkononi. Akaisoma yote, tena kwa adabu. Halafu akaniuliza:

"Dogo, pole sana. Sasa hapa mzee wako unamwuza bei gani?"

Huo, wasomaji wenzangu, ndio uhakiki mkali kuliko wote niliowahi kupata, na ni wa mtu asiyejua kama ametoa uhakiki. Alikuwa na maana hii: mnunuzi anakuja na fedha yake kununua mashine, wewe unamtaka alipie kumbukumbu ambazo hatoki nazo. Machozi yako yanabaki kwako, yeye anabeba chuma.

Na kwa fani, je? Rudia jaribio lile lile. Ondoa gramafoni, weka saa ya ukutani ya babu. Weka kanga ya bibi. Tangazo linasimama! Nilidhani nimeukimbia uongo wa kwanza, kumbe nimebadili nguo tu. La kwanza lilificha kitu nyuma ya sifa, la pili likakificha nyuma ya huzuni. Katika yote mawili hakuna aliyeitazama ile sindano.

Nalisema hili kwa sababu ugonjwa wa pili ndio unaosifiwa zaidi miongoni mwetu. Tukiweka kitu cha kale katika hadithi, gramafoni, kinu, taa ya chemli, tunataka kisimame pale kimwambie msomaji: "Huzunika." Tunaita ishara. Lakini taa ya chemli ni ya kwanza kabisa taa. Ina utambi unaofupika na kioo chenye masizi, na mtu fulani hukifuta kila jioni kwa gazeti. Ukishatuonyesha mtu huyo akifuta, huzuni itakuja yenyewe kama ipo. Na kama haipo, basi haikuwapo, usiilete kwa nguvu.

Tangazo la tatu

Kwa tangazo la tatu sikuanza na kalamu. Nilianza na bisibisi.

Fundi alinipa kiti na masharti: niifungue mwenyewe, yeye atasimamia. Ndani ya mashine za aina hii kuna gurudumu dogo la mpira. Mota inazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha sahani kubwa ya chuma inayobeba santuri. Ukihamisha kasi, gurudumu linapanda au kushuka kwenye kipande cha mota chenye ngazi ngazi, kila ngazi na unene wake. Sasa mashine ilipokaa muda mrefu bila kupigwa, huku swichi ikiwa imeachwa kwenye kasi, mpira ulikandamizwa mahali pamoja ukafanya kibonde. Kila kibonde kikipita unasikia: duku, duku, duku.

Nilijaribu kasi kwa njia ya zamani. Unabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, unashika saa, unahesabu mizunguko. Kasi ya 33 kwa hakika ni 33 na theluthi, hivyo dakika tatu ziwe mizunguko 100 kamili. Nilipata 97. Ndiyo kusema kila mwimbaji katika mashine ile alikuwa ameshuka sauti, amechoka kidogo kuliko alivyochoka studio. Tulisafisha mafuta yaliyoganda kwa spiriti, tukatia mapya, nikahesabu tena: 99. Tukaishia hapo.

Halafu ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa ajili yake nimeandika makala haya. Nikiwa naandika orodha ya kasoro, nilifika kwenye sindano, nikataka kuandika "sindano imekwisha". Fundi akanizuia. "Sindano ipi?" Kumbe kichwa cha mashine ile kina sindano mbili, mgongo kwa mgongo, na kijiti cha kugeuzia. Upande mmoja umeandikwa LP, wa santuri za 33 na 45. Upande wa pili 78, kwa zile santuri za zamani zaidi, nzito, zinazovunjika kama kigae. Mifereji ya zile za 78 ni mipana, kwa hiyo sindano yake ni nene. Tulipoigeuza na kuichungulia, ncha ilikuwa duara, haina alama. Baba hakuwa na santuri hata moja ya 78. Miaka yote ile upande huo haukuwahi kushushwa.

Nimeishi na mashine ile tangu nazaliwa. Sikujua. Na nisingejua kamwe kama ningeendelea kuisifu au kuililia. Nimekijua kizuri chake siku nilipokaa kuhesabu vibaya vyake kimoja kimoja.

Tangazo likawa hivi:

INAUZWA gramafoni ya kasi nne (16, 33, 45, 78). Imetumika zaidi ya miaka thelathini. Sindano ya upande wa LP imekwisha, USIPIGE santuri yako ya 33 au 45 kabla ya kuibadilisha. Sindano ya upande wa 78 haijatumika. Gurudumu la mpira lina kibonde, linagonga. Wimbo ukiwa mpole utalisikia, ngoma zikikolea hulisikii. Kasi: mizunguko 99 kwa dakika tatu, ilitakiwa 100. Kifuniko kimepasuka kona ya kushoto. Bei Sh. 110,000. Njoo na santuri ya 78 ujaribu.

Lihakikini mpendavyo. Najua lugha yake kavu, sentensi moja imeng'ang'ania namba, na neno "linagonga" limebeba mzigo mkubwa. Lakini fanyeni lile jaribio. Ondoeni gramafoni, wekeni friji. Haliwezekani! Hata gramafoni nyingine haliiendei. Linaiendea hii moja, iliyokuwa juu ya kabati letu.

Mnunuzi

Zilipita siku kumi na moja kimya. Fundi akaanza kunitania kwamba nimeandika cheti cha kifo. Siku ya kumi na mbili alikuja mama mmoja wa makamo, kwa lafudhi nikajua ni wa Unguja. Alilisoma tangazo mpaka mwisho kidole kikifuata mstari, kisha akaugusa ule ufa wa kifuniko kama anayehakiki kwamba mwandishi hakudanganya.

"Nani kaandika haya?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huu upande wa 78 mbona haujatumika?"

"Baba hakuwa na santuri zake."

Akafungua mfuko, ndani mna kanga, ndani ya kanga mna santuri mbili za taarabu alizoachiwa na bibi yake. Katika kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, tumesoma habari za mwimbaji aliyezaliwa Fumba katika ufukara, akauza vyungu, na kwa sauti yake akafika Bombay, ambako mwaka 1928 alirekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Santuri za zama zile ni za 78. Nyingi zilizobaki zimekaa kwenye masanduku ya watu kama huyu mama, na anayezirithi mara nyingi hana cha kuzipigia. Mwenyewe alisema alikuwa hajawahi kuzisikia hata mara moja tangu bibi afariki.

Fundi aligeuza kijiti, mimi nikashusha mkono. Kwanza ulikuja mkwaruzo kama samaki kikaangoni, kisha fidla, kisha sauti ya mwanamke. Mtaa ulikuwa na kelele zake lakini kibandani hakuna aliyesema kitu. Wimbo ulipopoa katikati, tukalisikia gurudumu: duku, duku, duku. Nikaona aibu, nikataka kuomba radhi. Yule mama akainua kiganja.

"Hilo umeshaniandikia."

Hakukuwa na neno jingine juu ya kasoro. Bei aliipunguza elfu kumi, maana mnunuzi ni mnunuzi, akatoa Sh. 100,000, akachukua bajaji na mashine mapajani.

Je, ni fasihi?

Turudi kwenye swali la wanaoguna. Sidai kwamba tangazo ni fasihi. Tangazo halina kisa na likishauza linachanwa. Ninachodai ni kwamba msomaji wa tangazo na msomaji wa riwaya ni mtu mmoja. Ni mgeni, hakujui, hakudai wala humdai, na anakuja akiwa ameshika kitu chake cha thamani chini ya kwapa. Anataka kujua kabla ya kukishusha kama sindano yako itakifuata au itakikwangua. Ukimwambia "haina shida" hakuamini, na ana haki. Ukimwambia mahali hasa panapogonga, atakuamini hata pale unaposema pazuri. "Hilo umeshaniandikia" ndiyo sifa ninayoitafuta sasa.

Natoa tahadhari, nisieleweke vibaya. Wapo wenzetu walioligundua soko la kasoro. Hadithi zao kila baba mlevi, kila mwalimu fisadi, kila mtaa unanuka. Wanadhani huo ndio ukweli. Fanyeni jaribio lile lile: huyo baba mlevi anakaa katika hadithi ngapi? Kasoro ya kuokota ni sifa ya mitumba iliyogeuzwa nje ndani. Kasoro inayofaa ni ile uliyoihesabu kwa saa mkononi, 99 na wala si 100, na mara nyingi jirani yake kabisa, mgongo kwa mgongo, kuna kitu kizima ambacho mwenye nyumba mwenyewe hakukijua.

Sh. 100,000 zimefanya kazi niliyoziombea, ingawa mswada umechelewa. Nimeirudia sura ya tatu. Yule mzee mwema mwenye busara nyingi nimemfuta. Nimeweka mzee anayekopa asilipe, ambaye akiwa na deni huvuka barabara ili asikutane na mtu, lakini hajawahi kumvukia mtoto. Bado hajasimama vizuri, anayumba, ila akiingia sebuleni sasa nasikia viatu vyake. Nikimaliza nitaupeleka kwa mchapishaji yule yule.

Wenzangu wa kalamu, mwenye mswada mkaidi naomba ajaribu hili. Chagua kitu kimoja nyumbani kwenu, kifungue, kisha kiandikie tangazo la kweli, kama anayetaka kumwuzia mtu atakayekutana naye tena sokoni. Usipate hata mteja mmoja, lakini lisikubali kuhamishiwa kitu kingine.

Ama mama yangu, nilimpelekea sehemu ya fedha akaipokea bila maneno mengi. Ni wiki ya tatu sasa, na hakuna aliyekuja kumgongea mlango.